Kipimo cha Akili na Mtu Mzima Mwenye Usonji: Mjadala wa Sauti Tatu

Kipimo cha akili ni mkusanyiko wa maswali na kazi ndogondogo ambazo mtu huzifanya mbele ya mwanasaikolojia, kisha matokeo yake hulinganishwa na ya watu wa rika lake. Kipimo cha kwanza kupata umaarufu kilitungwa Paris mwaka 1905 na Alfred Binet akishirikiana na Théodore Simon, kwa lengo la kuwatambua wanafunzi waliohitaji msaada wa ziada shuleni. Kwa watu wazima, kilichoenea zaidi ni kile cha David Wechsler, mwanasaikolojia wa hospitali ya Bellevue jijini New York, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1939. Kimefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Toleo la nne lilitoka mwaka 2008 na la tano mwaka 2024. Toleo la nne lina kazi kuu 10 katika mafungu manne: uelewa wa maneno, kufikiri kwa picha na maumbo, kushika mambo kichwani wakati wa kuyafanyia kazi, na kasi. Kila fungu lina alama yake, na kutokana na mafungu yote hupatikana alama moja ya jumla. Wastani umewekwa kuwa 100, na takriban watu wawili kati ya watatu huangukia kati ya 85 na 115. Alama ya karibu 70 kushuka chini imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa dalili ya ulemavu wa akili.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maishani. Huonekana katika namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, katika kupenda utaratibu usiobadilika, katika kuzama kwenye mambo machache kwa undani, na katika kuhisi sauti, mwanga au mguso kupita kiasi au chini ya kiasi. Kiwango cha akili si sehemu ya vigezo vya kuutambua. Mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unamtaka daktari aandike kando iwapo usonji umeandamana na ulemavu wa akili au la. Wapo watu wazima wenye usonji wanaofundisha vyuo vikuu, na wapo wasioweza kuvaa nguo bila kusaidiwa.

Hoja inayojadiliwa hapa ni hii: vipimo vya akili viendelee kutumika kwa watu wazima wenye usonji. Mpimaji anaiunga mkono. Mkosoaji anaipinga. Afisa Ustawi, ambaye kazi yake ni kutafuta makazi, ajira na msaada kwa watu hao, anaingia pale alama inapotoka kwenye faili na kugusa maisha.

Suala la kwanza: kupima au kukisia

MPIMAJI: Pasipo kipimo hubaki dhana, na dhana imewaumiza watu wenye usonji kuliko kipimo chochote. Leo Kanner, daktari wa Johns Hopkins huko Baltimore, alipoandika habari za watoto 11 mwaka 1943, aliamini kuwa nyuma ya ukimya na upweke wao kulikuwa na uwezo mzuri wa akili. Miaka ilivyopita, vitabu vingi vikawa vinasema kinyume: kwamba takriban robo tatu ya wenye usonji wana ulemavu wa akili. Mwaka 2006 Meredyth Goldberg Edelson alipitia maandishi 215 yaliyotoka kati ya 1937 na 2003, akakuta kwamba asilimia 74 ya madai ya aina hiyo yalitoka kwenye machapisho yasiyo na utafiti wowote ndani yake. Mwandishi mmoja alimnukuu mwingine, naye akanukuliwa na wa tatu. Leo vituo vya kudhibiti magonjwa vya Marekani vinapochapisha takwimu, hueleza zimetoka wapi: miongoni mwa watoto wa miaka 8 wenye usonji waliofuatiliwa mwaka 2022, ambao kiwango chao cha akili kilijulikana, asilimia 39.6 walikuwa katika kundi la ulemavu wa akili. Kutoka robo tatu hadi mbili ya tano ni tofauti kubwa, na imeonekana kwa kupima.

MKOSOAJI: Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetokana na kupanuka kwa mlango wa utambuzi. Tangu miaka ya 1990 watu wanaozungumza vizuri na waliomaliza shule wamehesabiwa kuwa na usonji, hali ambayo zamani isingewezekana. Idadi ya wenye alama za juu ikiongezeka, asilimia ya wenye alama za chini hupungua, hata kama hakuna mtu mmoja aliyepimwa vizuri zaidi. Edelson huyohuyo alionyesha jambo jingine: tafiti nyingi zilizokuwa na takwimu zilikuwa za zamani, na mara kwa mara zilitumia vipimo vya ukuaji au vya stadi za maisha badala ya vipimo vya akili vyenyewe. Zaidi ya hayo, takwimu za Marekani ni za watoto wa miaka 8. Mtu mwenye miaka 55 leo alikuwa darasani wakati maneno ya robo tatu yakihesabiwa kuwa elimu. Kama aliwahi kupimwa, alipimwa na mtu aliyetarajia ashindwe, na alama aliyoandikiwa siku hiyo imemfuata kutoka faili hadi faili.

MPIMAJI: Hilo linadai apimwe upya, tena vizuri. Halidai aachwe na alama ya zamani bila jingine la kuipinga.

Suala la pili: kipimo kipi?

Mwaka 1938 Mwingereza John C. Raven alichapisha kipimo kisichohitaji kuzungumza. Kila ukurasa una mchoro mkubwa wenye pengo, na chini yake vipande kadhaa ambavyo kimoja tu ndicho kinacholijaza pengo hilo. Maswali ya mwanzo ni mepesi: mistari inaendelea, jicho linaona. Kadiri kurasa zinavyofunguliwa, kanuni huwa mbili au tatu kwa pamoja: umbo linazunguka, doa linaongezeka, mstari unafutwa na mwenzake. Toleo la kawaida lina maswali 60. Wataalamu hukihesabu kuwa miongoni mwa vipimo bora vya uwezo wa kung'amua kanuni mpya bila kutegemea maarifa ya shuleni.

MKOSOAJI: Mwaka 2007 kundi la watafiti la Montreal, likiwa na Michelle Dawson, ambaye mwenyewe ana usonji, Isabelle Soulières, Morton Ann Gernsbacher na Laurent Mottron, liliwapima watoto 38 wenye usonji kwa vipimo vyote viwili. Kwa kipimo cha Wechsler, mtoto wa wastani aliwapita wenzake 26 kati ya 100. Kwa kipimo cha Raven aliwapita 56. Baadhi yao walipanda kwa zaidi ya nafasi 70. Watoto wasio na usonji hawakuonyesha tofauti ya namna hiyo, na watu wazima wenye usonji waliopimwa walifuata mkondo uleule. Miaka miwili baadaye Soulières na wenzake waliangalia ubongo ukiwa kazini: vijana na watu wazima wenye usonji walijibu maswali ya Raven kwa usahihi sawa na wenzao, na kwa kasi iliyozidi hadi asilimia 40, wakitumia zaidi sehemu za nyuma za ubongo zinazoshughulikia kuona. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kilikuwa kinawashusha watu hawa kwa sababu kinadai maneno, maelekezo ya mdomo na desturi za mazungumzo, yaani mambo yaleyale ambayo usonji huyafanya magumu.

MPIMAJI: Matokeo ya Montreal ni ya kweli, lakini mipaka yake ielezwe. Watu wazima wenye usonji katika utafiti huo walikuwa 13 tu. Mwaka 2009 Sven Bölte, Isabel Dziobek na Fritz Poustka walirudia ulinganisho huo Ujerumani, wakakuta kwamba pengo kati ya vipimo viwili lilikuwa hasa kwa wale ambao alama yao ya Wechsler ilikuwa chini ya 85. Kwa waliokuwa juu ya hapo, vipimo vilikaribiana. Pili, Raven hupima kitu kimoja. Hakisemi lolote kuhusu msamiati, wala kuhusu kushika maelekezo matatu kichwani huku simu inalia. Tatu, wengi hudhani kipimo kisicho na maneno hakina utamaduni. Watafiti waliopima watoto wa kijijini Embu, Kenya, mwaka 1984 na tena mwaka 1998 walikuta alama za Raven zimepanda sana katika miaka hiyo 14, wakahusisha mabadiliko hayo na lishe, elimu ya wazazi na ukubwa wa familia. Uwezo wa kurithi hauwezi kubadilika kiasi hicho ndani ya miaka 14. Kwa hiyo hata mchoro wenye pengo hupima pia mazingira ambamo mtu amekulia.

MKOSOAJI: Hilo linakubalika, nalo linaubana upande wa pili vilevile. Kama Raven, kilicho chepesi kwa asiyesema, kina mipaka, basi Wechsler ina mipaka zaidi. Mwaka 2015 Valérie Courchesne na wenzake walifanya kazi na watoto 30 wenye usonji wasiozungumza au wanaosema maneno machache sana. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumaliza kipimo cha Wechsler cha watoto. Walipopewa Raven ya rangi, iliyotengenezwa kama ubao wenye vipande vya kushika na kupachika, 26 walimaliza. Katika mafaili mengi mtoto wa namna hiyo huandikwa kuwa hapimiki, na akifikia utu uzima neno hilo limeshageuka kuwa ulemavu mkubwa wa akili. Kutopimika kwa chombo fulani si sawa na kupata sifuri.

MPIMAJI: Wala si sawa na kupata mia. Lakini upande huu unakubali: asiyezungumza asipimwe kwa maneno.

Suala la tatu: vilele na mabonde

Kazi mbili za kipimo cha Wechsler zinaonyesha jambo ambalo wapimaji wameliona kwa miongo mingi. Katika ya kwanza, mtu hupewa michemraba yenye pande nyekundu, pande nyeupe na pande zilizogawanyika nusu kwa nusu, kisha huonyeshwa mchoro wa kuiga: kwa mfano pembe nne zinazokutana katikati, au mstari mwekundu unaokata mraba kwa mshazari. Saa inaenda. Watu wengi huutazama mchoro kama umbo moja na kupata shida kujua mchemraba mmoja unaishia wapi. Watu wengi wenye usonji huuona tayari ukiwa vipande, na mikono yao huenda moja kwa moja. Katika kazi ya pili, juu ya karatasi kuna tarakimu 1 hadi 9, kila moja na alama yake ndogo. Chini yake kuna safu za tarakimu tupu, na mtu ana dakika 2 kujaza alama nyingi awezavyo. Hapa watu walewale mara nyingi hubaki nyuma. Kalamu inakwenda polepole. Mstari uliopinda kidogo unaandikwa tena. Macho yanarudi juu kuhakikisha alama ambayo tayari inajulikana.

MKOSOAJI: Tuseme mtu mzima amepata 125 katika kufikiri kwa maumbo na 75 katika kasi, na mafungu mengine mawili yamekaa katikati. Alama yake ya jumla itaangukia karibu na 100, na ripoti itasema ana akili ya wastani. Lakini katika mafungu hayo mawili ya kwanza hakuna kazi ambayo mtu huyo huifanya kama mtu wa wastani: za kasi humshinda, na katika za maumbo yeye huwapita wengi kwa mbali. Alama ya jumla ina maana pale tu mafungu yanapokaribiana. Yakiachana hivi, inamtaja mtu asiyekuwepo.

MPIMAJI: Ni kweli kuhusu alama ya jumla, lakini vilele na mabonde hayo yalijulikana kutokana na kipimo hichohicho. Mwaka 1993 Amitta Shah na Uta Frith, huko London, walitumia kazi ya michemraba kutafuta sababu. Walipokata mchoro wa kuiga katika vipande kabla ya kuuonyesha, watu wasio na usonji walifaidika sana; wenye usonji walifaidika kidogo tu, kwa kuwa tayari walikuwa wanaukata kwa macho yao. Kutokana na hapo kukazuka mjadala ambao haujakwisha. Frith aliueleza usonji kuwa na mvuto mdogo wa kuunganisha sehemu kuwa kitu kizima. Mottron na wenzake wanasema hakuna upungufu hapo, bali uwezo wa kuona na kutambua umeongezeka na kuchukua nafasi kubwa zaidi katika kufikiri. Maelezo yote mawili yamejengwa juu ya alama za kazi mojamoja. Kipimo kikitupwa, ushahidi huo nao unatupwa.

AFISA USTAWI: Kazini tofauti ya 125 na 75 huonekana mapema. Mfanyakazi anagundua kosa kwenye mchoro wa mashine ambalo mafundi watatu hawakuliona, lakini fomu ya siku anaijaza hadi saa kumi na mbili jioni. Msimamizi asiyejua lolote kuhusu mafungu ya alama huona uvivu au kiburi. Ripoti inayosema kwamba mtu huyu afanye kazi za kuchunguza na apewe muda wa ziada kwenye kazi za kuandika humsaidia msimamizi na mfanyakazi kwa pamoja. Inayosema 100 haimsaidii yeyote.

Pande zote hutaja hapa vipaji vya pekee, kwa kuwa umma huvihusisha sana na usonji tangu filamu ya Rain Man ya mwaka 1988. Kim Peek, Mmarekani aliyekuwa chanzo cha mhusika wake mkuu, baadaye alisemekana kuwa na hali nyingine ya kurithi na wala si usonji. Stephen Wiltshire wa London, ambaye ana usonji, mwaka 2005 aliichora Tokyo kwa upana wa mita nyingi kutokana na alichokiona kwa muda mfupi akiwa ndani ya helikopta. Utafiti wa Patricia Howlin na wenzake wa mwaka 2009 uliwachunguza watu 137 wenye usonji na kukuta kipaji cha pekee au uwezo wa fikra uliopita kiasi kwa zaidi kidogo ya robo yao. Kwa hiyo wengi wa wenye usonji hawana vipaji hivyo, na alama ya jumla haiwatambui walio navyo.

Suala la nne: chumba, lugha na wanaolinganishwa

Fungu la maneno lina maswali ya kuonyesha vitu viwili vinafananaje. Maswali halisi hayachapishwi hadharani ili yasipoteze thamani, lakini mfano wa kutunga unatosha: embe na papai vinafanana nini? Anayejibu kwamba vyote ni matunda hupata alama zote. Anayejibu kwamba vyote vina mbegu hupata pungufu. Anayejibu kwamba embe lina kokwa moja na papai lina mbegu nyingi ndogo nyeusi, kwa hiyo havifanani, hukosa kabisa, ingawa ameeleza ukweli kwa umakini kuliko wote.

MKOSOAJI: Jibu la tatu ni la mtu anayefuata swali kwa neno lake. Kipimo kinamtaka akisie anachokitaka muulizaji, na hilo ndilo gumu kwake. Kuna na chumba chenyewe: mtu asiyemjua amekaa mbele yake, taa inavuma, saa ya kuhesabu sekunde iko mezani, na maelekezo yanabadilika kila baada ya dakika chache. Mtu anayeumizwa na sauti hutumia nusu ya nguvu zake kuvumilia, na nusu iliyobaki ndiyo inayopimwa.

MPIMAJI: Mpimaji mwenye ujuzi huyajua hayo. Huandika mazingira katika ripoti, hugawanya kipimo katika siku mbili, huzima taa inayovuma, na hutaja waziwazi pale anapodhani alama iko chini ya uwezo. Kasoro hiyo ni ya upimaji mbaya.

MKOSOAJI: Bado kuna swali la mtu analinganishwa na nani. Alama za toleo la nne zilipangwa kutokana na Wamarekani 2,200 wa miaka 16 hadi 90. Mtu mzima wa Mwanza au Mombasa akipimwa kwa kitabu hicho analinganishwa na watu wa Ohio. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha ulinganisho wa watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Kiingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, ule ambao watoto wa Kizambia huutumia kutengeneza magari ya kuchezea, Wazambia waliwapita. Kwa udongo wa mfinyanzi walilingana. Angepima kwa kalamu peke yake, Serpell angeandika kwamba watoto wa Lusaka hawajui maumbo.

MPIMAJI: Ndiyo maana vipimo hutungwa au hurekebishwa kwa jamii husika. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wake wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi: kuchagua vitu ambavyo watoto wa hapo wanavijua, kutafsiri maelekezo, kuyajaribu, kisha kupata alama za kulinganishia kutoka kwa watoto wa hapohapo. Vyombo hivyo vimelenga watoto. Watu wazima wanahitaji kazi ileile, na kabla haijafanyika, alama zilizopatikana kwa kitabu cha ugenini zisomwe kama maelezo ya mtu alivyofanya kazi fulani. Zisisomwe kama nafasi yake katika jamii.

Suala la tano: alama na maisha ya kila siku

MPIMAJI: Pamoja na kasoro zote, alama hutabiri kitu. Howlin na wenzake waliwafuatilia watu 68 waliotambuliwa utotoni, na matokeo yalichapishwa mwaka 2004: waliokuwa na alama ya kazi zisizo za maneno ya 70 au zaidi walipokuwa watoto waliishi utu uzima wenye uhuru zaidi kuliko waliokuwa chini ya hapo. Katika utafiti wa mwaka 2014 wa watu 60 ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 44, robo tatu waliweza kupimwa tena, na alama zao zilikuwa karibu na zile za utotoni.

MKOSOAJI: Utafiti wa 2004 ulisema pia kwamba juu ya 70 matokeo yalitawanyika mno: wengine walipata kazi na marafiki, wengine walibaki kutegemea wazazi, na alama haikuonyesha nani angeangukia wapi. Na robo ya nne ya wale 60, watu waliokuwa na alama za kawaida utotoni, hawakuweza kupimwa kabisa walipofika utu uzima. Alama yao nzuri haikuwakinga. Mwaka 2020 Gail Alvares na wenzake wa Australia Magharibi walichapisha takwimu za watoto na vijana 2,225 wenye usonji: kwa wasio na ulemavu wa akili, stadi za maisha zilikuwa chini sana ya alama zao za akili, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wenye umri mkubwa. Kumwita mtu mwenye usonji mwepesi kwa sababu alama yake ni 110 ni kumnyima msaada kwa lugha ya sifa.

AFISA USTAWI: Stadi hizo hupimwa kwa njia nyingine, kwa kuuliza mambo ya kawaida: je, mtu huoga bila kukumbushwa, hupanda daladala peke yake, hujua afanye nini gesi ikiisha, hugundua kwamba anayemkopa hana nia ya kulipa? Mtu anaweza kuhesabu riba kichwani akashindwa kumkatalia tapeli. Nchini Uingereza takwimu za serikali za mwaka 2020 zilionyesha kuwa takriban asilimia 22 tu ya watu wazima wenye usonji walikuwa na kazi ya malipo. Wengi wa waliobaki nje hawakukosa akili ya kazi. Usaili wa ana kwa ana, kelele za ofisi na sheria zisizoandikwa ndivyo vilivyowaweka nje. Upande wa pili yuko Donald Triplett, mtoto wa kwanza katika maandishi ya Kanner. Akiwa na miaka 3 aliwekwa kwenye taasisi. Wazazi wake wakamrudisha nyumbani Forest, mji mdogo wa Mississippi. Alipata shahada mwaka 1958, akafanya kazi katika benki iliyokuwa na uhusiano na familia yake, akacheza gofu na kusafiri nchi nyingi hadi alipofariki mwaka 2023. Uwezo alikuwa nao, lakini alikuwa pia na familia yenye nafasi na mji uliomzoea jinsi alivyo.

Kuhusu uzeeni, utafiti wa Uholanzi wa Anne Geeke Lever na Hilde Geurts wa mwaka 2016, uliohusisha watu 236 wenye usonji na wasio nao wa miaka 20 hadi 79, ulikuta kwamba kwa sehemu kubwa tofauti za fikra zinazotokana na umri zilikuwa sawa kwa makundi yote mawili au ndogo zaidi kwa wenye usonji. Waliopimwa wote walikuwa na alama za juu ya 80. Kwa hiyo matokeo hayawahusu wenye ulemavu wa akili.

Suala la sita: mstari wa 70

MKOSOAJI: Madhara makubwa hutokea alama inapogeuzwa kuwa geti. Mwenye 68 anaingia kwenye huduma za ulemavu wa akili; mwenye 73 anaambiwa aende huduma za afya ya akili, nako anaambiwa hana ugonjwa wa akili. Kipimo chenyewe hakiwezi kuwatenganisha watu hawa wawili, kwa sababu kila alama ina ukingo wa makosa wa takriban alama 5 kila upande.

MPIMAJI: Hapa upande unaounga mkono hauna cha kutetea. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyohivyo mwaka 2014, katika kesi ya Freddie Lee Hall dhidi ya jimbo la Florida. Hall, aliyehukumiwa kifo, alikuwa na alama 71, na Florida ilikataa kusikiliza ushahidi mwingine wa ulemavu wake kwa kuwa alikuwa juu ya 70. Mahakama iliamua kwamba alama ni eneo, na kwamba mtu aliye ndani ya ukingo wa makosa aruhusiwe kuleta ushahidi wa maisha yake. Mwongozo wa madaktari wa 2013 nao ulishaacha kupanga ukali wa ulemavu wa akili kwa alama; hutazama kiasi cha msaada ambao mtu anauhitaji.

AFISA USTAWI: Nchini Uingereza Sheria ya Usonji ya mwaka 2009 ilifuatwa na mwongozo unaozifunga mamlaka za mitaa: mtu mzima mwenye usonji asinyimwe tathmini ya mahitaji kwa sababu ya alama yake ya akili. Sheria hiyo haikupiga marufuku kipimo, ila iliondoa mamlaka yake ya kufunga mlango.

Majumuisho

Pande tatu zimekutana katika mambo manne. Kukisia ni kubaya kuliko kupima. Asiyezungumza apimwe kwa chombo kisichodai maneno, na kushindwa kupimika kusiandikwe kama alama. Mafungu yakiachana sana, ripoti itaje kila fungu na isiegemee alama ya jumla. Na uamuzi wa huduma, makazi au hukumu usitegemee alama peke yake, bila tathmini ya stadi za maisha na ukingo wa makosa.

Zinabaki tofauti mbili. Mpimaji anaona kipimo cha Wechsler bado ni chombo kikuu, kikisaidiwa na Raven. Mkosoaji anataka Raven au chombo kingine kinachofuata nguvu za mtu kianze, na Wechsler ifuate inapohitajika. Tofauti ya pili ni ya kinadharia: iwapo wepesi wa kuona sehemu ndogondogo ni matokeo ya upungufu mahali pengine, au ni aina ya akili inayojitegemea. Hiyo itaamuliwa na utafiti kwa watu wazima wengi zaidi kuliko waliopimwa hadi sasa, wakiwemo wasiozungumza.

Hoja imepitishwa kwa marekebisho: vipimo vya akili viendelee kutumika kwa watu wazima wenye usonji, mradi chombo kichaguliwe kulingana na njia ya mawasiliano ya mtu, alama za kulinganishia zitoke katika jamii inayofanana na yake, na ripoti ieleze anachoweza, kinachomkwamisha na msaada unaomfaa.